Mshika Antena

Machi 14

Tumefika saa tisa alasiri. Tuliondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa haraka ambayo sikuielewa. Kambi iko chini kabisa ya bonde, kando ya mto, na vilima vimeizunguka kama kuta za karai. Kuna viwanja kumi na viwili vya kuegesha, bomba moja la maji, vyoo viwili na kibanda cha mlinzi. Msimu huu wa mvua watu hawaji. Tupo sisi, na mama mmoja mpiga picha za ndege anayelala kwenye hema juu ya paa la gari lake. Basi.

Gari-nyumba hili mume wangu alilinunua mwezi uliopita, alipostaafu kazi ya ukaguzi wa madaraja. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki la ukubwa wa bakuli na meza ya kukunja. Nimekuja na sindano zangu na mkoba wa vitambaa, maana fundi wa kushona nikikaa mikono mitupu naugua.

"Mwezi mzima wa kupumzika," amesema. "Hakuna simu, hakuna wageni, hakuna kelele."

Simu kweli hazishiki. Lakini kitu cha kwanza alichoshusha, kabla ya viti na kabla ya birika, ni televisheni.

Machi 15

Chenga tupu.

Machi 16

Chenga tupu. King'amuzi kimeandika "Hakuna mawimbi" mchana kutwa. Mume wangu anasema mnara uko nyuma ya kilima cha magharibi na sisi tumekaa kivulini mwake. Nikamwambia basi tuhamie kule juu, mlinzi anasema kuna uwanja mzuri karibu na barabara kuu. Akanijibu juu kuna upepo. Baba huyu tangu lini anaogopa upepo?

Machi 18

Ameunganisha mabomba manne kuwa mlingoti, na juu yake amefunga antena, ile yenye vijiti kama mifupa ya samaki. Kazi yangu ni kuushika nje na kuugeuza. Yeye yumo ndani anaangalia kioo na kunipigia kelele kupitia dirishani.

"Kushoto kidogo. Kidogo nimesema, mama! Unageuza antena au unasonga ugali? Rudi. Rudi. Hapo! Hapo hapo! Usipumue!"

Nilicheka hadi mlingoti ukatikisika na picha ikapotea. Yeye hakucheka.

Machi 19

Mvua. Leo mlinzi amenionyesha kivuko. Barabara ya kutoka hapa inapita juu ya zege lililolazwa mtoni, na maji yakijaa yanapanda juu ya zege. Pembeni kuna nguzo yenye mistari mitatu. Maji yakiwa kwenye mweupe, gari lolote linapita. Kwenye njano, magari hayapiti, lakini mtu anaweza kuvuka kwa miguu akifungwa kamba. Kwenye nyekundu, havuki mtu wala mnyama.

"Na ikifika nyekundu inakaa siku ngapi?" nikauliza.

"Mwaka juzi ilikaa majuma matano, mama. Tulikula mchele hadi tukauchukia."

Leo maji yako kwenye mweupe.

Machi 22

Imeshika! Saa nane mchana, nikiwa nimeukumbatia mlingoti kama mlevi aliyekumbatia nguzo ya taa. Nilisikia sauti za watu ndani, kisha mume wangu akasema taratibu, "Hapo. Usiondoke hapo."

Nilisimama saa moja na nusu. Nilipoachia niingie nione, picha ikafa. Anasema mwili wangu unasaidia kunasa mawimbi. Yaani nikishika, sioni. Nikiachia, hakuna cha kuona.

"Ulikuwa mpira?" nikamuuliza.

"Mpira," akasema.

Machi 23

Saa nane hadi saa kumi, nimeshika. Mpira tena.

Machi 24

Nimeshika. Mvua ya manyunyu. Mweupe.

Machi 26

Mpiga picha za ndege alipita nikiwa nimesimama na mwavuli na mlingoti. Akasema, "Dada, mimi nasubiri ndege mmoja siku kumi na moja sasa, lakini wewe umenishinda." Tukacheka. Akauliza mzee anaangalia nini. Nikamwambia mpira. Akakunja uso kidogo. "Mpira saa nane mchana, kila siku ya kazi?"

Jumamosi na Jumapili iliyopita, kweli, hakunitoa nje. Televisheni ilikaa imefunikwa taulo.

Machi 30

Mvua siku tatu mfululizo. Mabega yananiuma. Nimegundua kila asubuhi, kabla ya chai, mume wangu anakwenda kivukoni kutazama nguzo. Akirudi namuuliza, anajibu "mweupe" kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu.

Aprili 2

Siandiki mengi kwa kawaida, lakini leo lazima.

Kwa siku mbili nilikuwa nashona ukanda wa turubai, mnene, wa tabaka tatu, wenye vishikizo vya ngozi. Nilitaka kuufunga mlingoti kwenye ngazi ya nyuma ya gari ili nipumzike. Nilishona na kipande cha waya wa shaba ndani yake, nikidhani kama mwili wangu unasaidia, labda na shaba itasaidia. Sikumwambia. Nilitaka kumshangaza.

Saa nane na nusu, akiwa ndani, nikaufunga. Nikaachia mkono mmoja, nikaachia wa pili. Sauti ndani haikukatika. Nikazunguka polepole kwenye tope, nikafungua mlango.

Haukuwa mpira. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, watu watatu nyuma yake, na mbele yao mwanamke kwenye kiti, peke yake. Picha ilikuwa na chenga lakini nilimtambua kwa miwani yake mizito kama chini ya chupa. Ni yule msaidizi wa mume wangu ofisini. Wenzake wote wanamwita Miwani na yeye anaitika. Nilimshonea gauni la harusi. Aliponijia kupima alikuwa amejaa aibu hadi akafumba macho.

Mume wangu aliruka kuzima. Kisha nadhani akaona kwamba kuzima ni kukiri, akapunguza sauti tu.

"Ni tume," akasema. "Ya lile daraja."

Lile daraja la waenda kwa miguu, lililoanguka mwezi wa kumi na moja asubuhi watu wakienda kazini. Walikufa kumi na mmoja. Wakati ule aliniambia halikuwa eneo lake tena, ni mambo ya mkandarasi. Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

"Kwa nini uliniambia mpira?"

"Sikutaka uumie roho na mambo ya ofisini."

Nikakaa kitandani, nikiwa nimelowa. Kwenye kioo mtu wa katikati alimuuliza Miwani nani aliandaa ripoti ya ukaguzi, akajibu, "Mimi niliichapa na kutia saini ya aliyeandaa. Mkuu wangu ndiye aliyekwenda kukagua, akanipa fomu aliyoijaza kwa mkono."

"Fomu hiyo iko wapi?"

"Haionekani kwenye faili, mheshimiwa."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akitazama dirishani, upande wa mto.

Aprili 5

Tume. Tumeangalia pamoja, bila kusemezana. Mweupe, lakini maji yanagusa ukingo wa juu wa mstari.

Aprili 6

Anasema, "Anajitetea vibaya. Angenyamaza." Kama anazungumzia mchezaji aliyekosa penalti.

Aprili 7

Mvua kubwa. Nilikaanga mayai, akala yote na kuniambia ni matamu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, nimejua kila kikohozi chake. Leo nilimtazama akitafuna nikajisikia kama nimeketi na abiria wa safari ndefu ambaye sijamuuliza anakwenda wapi.

Aprili 8

Leo tume ilitaja tarehe ya ukaguzi. Agosti 21.

Mume wangu alikohoa na kuongeza sauti ya kukohoa, lakini nilishasikia. Tarehe ile naijua kama jina langu. Ni siku ya mahafali ya binti yetu.

Tulikuwa tumechelewa. Nilivaa gauni la hariri nililolishona kwa majuma mawili na kulikuwa na mvua ya rasharasha. Njiani alisimamisha gari kando ya barabara akasema, "Nina daraja la kukagua hapa, dakika kumi." Nikatazama saa. Nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka neno kwa neno, "Baba, tutachelewa. Daraja si lile pale, limesimama, kila mtu analiona." Akacheka. Akatoa fomu, akaiweka juu ya usukani, akaanza kutia alama. Vyuma: vizuri. Maungio: mazuri. Kutu: hakuna. Hakufungua hata mlango. Nilikuwa namenya chungwa, na sijalimaliza akawa ameshawasha gari. Watu walikuwa wakipita juu ya daraja lile na miavuli yao.

Nilifika mahafalini kwa wakati. Nilipiga vigelegele.

Tangu saa nane hadi sasa saa kumi na moja jioni sijamwambia kitu. Yeye anajua kwamba najua. Amenipikia chai, jambo ambalo hafanyi.

Aprili 9

Mpiga picha za ndege anaondoka. Ndege wake amempata, akanionyesha: mdogo, wa kahawia, wa kawaida kabisa. Akasema maji yatafika njano kesho kutwa na gari lake halitapita. Kisha akanishika mkono.

"Dada, nina nafasi. Ukitaka kwenda mjini kununua nyuzi, chochote."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Nikamwambia mama yule ahsante, nyuzi ninazo.

Nilimwangalia akivuka. Matairi yalizama nusu. Kwa nini sikwenda?

Aprili 11

Njano.

Alirudi kutoka kivukoni, akasema "njano", na akatabasamu. Nimeliona tabasamu lile kwa macho yangu. Ndipo nikaelewa kwa nini tuko bondeni, wala si juu karibu na barabara. Hatukuja kupumzika. Tumekuja kungoja mto utufungie mlango kwa nje.

Aprili 12

Nilikuwa natafuta fyuzi. Kwenye boksi la king'amuzi, chini ya maelekezo ya kuunganisha waya, nimekuta barua. Ni wito wa tume, wa kumtaka afike kutoa ushahidi. Umeandikwa tarehe 12 Machi. Siku mbili kabla hatujaondoka.

Nikairudisha ilipokuwa. Kisha nikaitoa tena, nikaiweka mezani, juu ya sahani yake ya chakula cha mchana.

Aliisoma kama hajawahi kuiona. Akaikunja mara nne.

"Wataniuliza nilishuka au sikushuka," akasema.

"Ndiyo."

"Nitasema nini?"

"Baba, unaniuliza mimi?"

"Vyuma vile viliharibika kwa ndani. Hata ningeshuka, huenda nisingeona. Umenisikia? Huenda nisingeona."

"Huenda ungeona."

Mvua ilipiga paa la bati juu yetu hadi sauti ya jiko haikusikika. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa kifuani kama mfupa. "Na wewe ulikuwa na haraka."

Kweli. Nilikuwa na haraka.

Aprili 13

Njano.

Aprili 14

Njano. Mlinzi ameleta mchele na kuuliza kama tunataka kuondoka, maana wafanyakazi wa barabara wana trekta ng'ambo na wanaweza kutuvuta leo, kesho hajui. Mume wangu akamwambia tuko salama salimini. Mlinzi akanitazama mimi. Nikainama nikaendelea kushona.

Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: aliniangalia, na mimi niliinama.

Aprili 16

Upepo umeng'oa ukanda wangu kwenye ngazi. Mume wangu hakutaka kuangalia leo. Alivaa buti, akaenda kivukoni saa saba na hakurudi.

Saa nane nikawasha peke yangu. Chenga. Nikatoka nikaugeuza mlingoti, nikakimbia ndani: chenga. Nikatoka tena. Nikakimbia ndani, nikakuta sauti bila picha, ikakatika. Nilikwenda na kurudi mara tisa au kumi, matope hadi magotini. Mwishowe nikaigeuza televisheni yenyewe ielekee dirishani, nikatoka, nikaukumbatia mlingoti kwa mikono miwili na kubandika uso kwenye kioo cha dirisha. Mvua ilikuwa inanipiga shingoni kama kokoto. Lakini niliona.

Mwenyekiti wa tume alikuwa anasema. Sauti ilikatika na kurudi. "...ifikapo tarehe ishirini... asipofika aliyekuwa mkaguzi mkuu... tutafunga ushahidi na kupeleka jalada... hatua za jinai dhidi ya shahidi huyu..."

Kisha wakamuuliza Miwani kama ana neno la mwisho. Amekonda. Kola ya blauzi yake imemzidi shingo. Alivua miwani akaipangusa, na bila miwani alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Akasema, "Waheshimiwa, mkuu wangu ni mtu mwaminifu. Nimefanya naye kazi miaka tisa. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Akipata habari atakuja. Ninachowaomba, mumtafute. Nina wasiwasi labda yeye na mkewe wamepatwa na jambo."

Picha ikafa. Mimi sikuuachia mlingoti. Nilisimama pale nimeukumbatia, nikitazama kioo cheusi, hadi nikasikia buti za mume wangu nyuma yangu.

"Imesemaje?" akauliza.

Nikamweleza yote. La Miwani nikalirudia mara mbili. Uso wake ulijikunja kidogo, kama mtu anayemeza kidonge kikavu. Akasema, "Maji yanapanda," akaingia ndani kubadili soksi.

Aprili 17

Nimemwambia twende. Kesho, kwa miguu, kwa kamba. Wote wawili.

Akasema hatuwezi. Amepita kivukoni alfajiri, imeshafika nyekundu.

Aprili 18

Asubuhi, mimi mwenyewe nilikwenda kutazama nguzo. Sijawahi kwenda peke yangu tangu tuje. Nilikuwa naletewa habari. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi na kelele, na yamebeba matawi. Nikaiangalia nguzo. Nikasogea nikaiangalia tena.

Njano. Juu kabisa ya njano, lakini njano.

Mlinzi alikuwa ameketi kibandani. Nikamuuliza, "Jana ilifika nyekundu?"

"Hapana, mama. Lakini leo jioni itafika. Ukitaka kuvuka, ni sasa. Baada ya saa sita sikuvushi hata ukinipigia magoti."

Nikarudi kwenye gari. Nikachukua mkoba, shajara hii kwenye mfuko wa plastiki, na kitambulisho changu. Mume wangu alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Ni njano," nikamwambia.

Hakuuliza nilijuaje.

"Baba, simama twende. Nitakaa nawe pale mbele. Nitasema na langu. Lakini twende."

"Mama, nina miaka sitini na mmoja."

"Na Miwani ana miaka thelathini na minne, ana watoto mapacha."

"Unadhani sijui?" Sauti yake ilipanda mara moja, ya kwanza tangu tuje hapa, kisha ikaanguka. "Nawajua watoto wake kwa sura. Usiniambie habari za watoto wake."

Nikangoja. Nilihesabu pumzi zangu hadi ishirini. Nikafungua mlango. Nilipokuwa nimeshatia mguu kwenye ngazi ya chini ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Na nani atanishikia antena?"

Nikamgeukia nikidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ananitazama kama mtu anayezama anavyotazama ukingo, na bado hilo ndilo neno pekee aliloweza kulitoa. Nilimpenda na nikamwogopa kwa wakati mmoja. Kisha nikaenda.

Mlinzi alinifunga kamba kiunoni na ncha nyingine akaizungusha kwenye nguzo. Maji yalinifika mapajani, baridi kama kisu. Katikati ya zege mguu wangu uliteleza nikaenda magotini, maji yakanifika kidevuni, nikasikia mlinzi akipaza sauti, "Usiangalie maji! Angalia ng'ambo!" Wafanyakazi wa barabara walinipokea upande wa pili. Nilitapika. Wakanipakia kwenye lori lao pamoja na majembe.

Aprili 19

Niko kwa dada yangu. Nimempigia karani wa tume. Akaniuliza mara tatu, "Wewe ni mke wa nani?"

Aprili 20

Kiti ni cha mbao ya kawaida. Kwenye televisheni kilionekana kikubwa.

Nilieleza. Mahafali, rasharasha, usukani, fomu, chungwa. Wakaniuliza alikaa pale muda gani, nikasema muda wa kumenya chungwa moja. Ukumbi ukaguna. Wakaniuliza kama alishuka, nikasema hakushuka. Mtu wa kulia akaniuliza kama nililazimishwa na mtu kuja. Nikasema, "Hapana. Na kuna jambo hamjaniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia tutachelewa." Akaandika. Nilisikia kalamu yake.

Mstari wa mbele walikaa jamaa za marehemu. Mzee mmoja alikuwa na picha ya mwanamke kwenye fremu, ameiweka pajani kama mtoto. Hakunitukana. Ningetamani anitukane.

Miwani alikuwa ukutani, karibu na mlango. Nilipotoka alinisimamisha. Nikadhani atanishukuru au atanipiga. Akasema tu, "Mama, kwa hiyo Mkuu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na alikuwa anaangalia? Siku zote hizi alikuwa ananiona?"

Niliitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaondoka.

Aprili 21

Mvua kutwa. Nimelala.

Aprili 22

Mlinzi amepanda kilima cha nyuma ya kambi hadi simu ikashika, akanipigia. Alianza na "Mama, kaa kwanza chini."

Wafanyakazi wa barabara walisikiliza tume redioni, wakamtangazia mlinzi kutoka ng'ambo kwa kupiga kelele. Mlinzi naye, bila ubaya, akaenda kumwambia mume wangu: mama amefika salama, mama amesema yote. Mume wangu akamshukuru. Akashusha mlingoti, akafungua bomba moja moja, akafunga kila kitu ndani kwa utaratibu wake. Jana saa tisa alasiri akaliwasha gari. Maji yalikuwa kwenye nyekundu. Mlinzi alisimama barabarani na mikono juu, ikabidi aruke pembeni.

Gari-nyumba lilifika katikati ya zege. Mlinzi anasema lilisimama, kama linafikiri, kisha likaelea. Mto uliligeuza ubavu na kulichukua mita mia tatu hadi kwenye mawe. Mume wangu alitokea dirishani. Walimtupia kamba kutoka ng'ambo mara nne, ndipo akaidaka wakamvuta. Mguu na mkono wa kulia vimevunjika, lakini anapumua.

Halafu mlinzi akasema jambo ambalo hata yeye hakulipa uzito. "Sasa mama, sijui mzee alikuwa anakwenda wapi. Ukishavuka pale njia ni mbili. Kushoto unakwenda mjini. Kulia unakwenda mpakani."

Aprili 23

Dada yangu anasema alikuwa anakuja. Kwamba mtu hawezi kuingia kwenye maji kama yale isipokuwa ana jambo kubwa moyoni. Binti yetu kwenye simu anasema hivyo hivyo, analia. Kila mtu ameshampangia njia ya kushoto.

Aprili 25

Wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, askari kwenye kiti mlangoni akisoma gazeti. Mguu wake umening'inizwa. Mkono wa kulia uko kwenye plasta hadi vidoleni, wa kushoto umefungwa dripu. Amekuwa mdogo.

Nilimlisha uji. Nikamfuta mdomo. Tukazungumza habari za chakula cha hospitali na za mgonjwa wa jirani anayekoroma. Akasema, "Miwani?"

"Wamemwacha. Jalada lake limefungwa."

Akafumba macho. Chozi moja likateremka hadi sikioni, na kwa mikono ile hakuweza kulifuta, nami nikaliacha. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuja, mama. Nilipoambiwa umesema, nikawasha gari nije."

Ni maneno niliyotaka kuyasikia kuliko chochote. Yalikuwa pale, mazuri, yamekatwa na kupigwa pasi, ningeyavaa tu. Niliweka bakuli chini.

"Baba. Ukishavuka kivuko, ulikuwa unapinda wapi?"

Askari akafungua ukurasa wa gazeti. Mgonjwa wa jirani akakoroma. Mume wangu alitazama dari.

"Kulia," akasema.

Sikuondoka. Sijui kama nilimsamehe, sidhani. Lakini katika msimu huu wote lilikuwa neno la kwanza la kweli aliloniambia bila kuchimbwa, na niliketi nalo.

Baada ya muda akaniomba karatasi. Akataka niandike, yeye aseme, maana mkono hauwezi, kisha askari apeleke kwenye tume. Nikafungua ukurasa mweupe wa shajara hii, nikauchana. Akasema, nikaandika, nikamsomea mstari wa kwanza: "Siku ya tarehe 21 Agosti, tulipofika kwenye daraja, hatukushuka garini."

"Umeandika hatukushuka," akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa wawili."

"Fomu ilikuwa yangu. Kazi ilikuwa yangu." Akajaribu kuinua kichwa, akashindwa, akakilaza. "Futa. Andika sikushuka."

Nikafuta. Nikaandika.